Komeo la Nje

Ihanja,
14 Januari 2001

Kwako Sostenes,

Uliniomba maoni yangu kuhusu gemu mpya, ukasema nisikuandikie "ni nzuri" tu kama wenzangu. Basi kaa usome, maana nimekuwa nayo wiki nzima na bado inanisumbua.

Diski ilifika salama kwa mkono wa Filipo, konda wa basi. Isaka aliipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kibanda chake cha video ameongeza mabenchi, na jenereta ameihamishia nyuma ya ukuta ili kelele zipungue. Watoto walitaka gemu ya mpira kama kawaida. Isaka akawaambia, "Mpira mmecheza mpaka hao wachezaji wa kwenye kioo wamechoka. Leo ni hii ya Sosi kutoka Arusha."

Sasa gemu yenyewe. Jina lake la Kiingereza halikai mdomoni mwa watu wa hapa, kwa hiyo wote tunaiita Meli. Wewe ni fundi, mwanamke, umelazwa ndani ya sanduku la kioo kwenye meli inayokwenda kwenye nyota za mbali. Unaamka, wenzako wote hawapo. Taa zinawaka moja moja. Una tochi na spana, bunduki hakuna, na watoto walilalamika sana kuhusu bunduki. Unapita kwenye korido ndefu, na kila ukikuta kompyuta unasoma maneno aliyoyaacha daktari wa meli. Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Unanijua. Miaka minne ulikaa dawati la nyuma yangu, unajua mwalimu akiita majina mimi nilikuwa nanyoosha mkono tu, sauti haitoki. Lakini Isaka alisimamisha gemu akauliza nani anajua Kiingereza, na watu wote wakanigeukia, maana mle ndani aliyemaliza kidato cha nne nilikuwa mimi peke yangu. Siku ya kwanza nilitafsiri nikiangalia miguu yangu. Siku ya pili nikaangalia kioo. Sasa wananiita Mkalimani.

Maoni yangu ni haya. Gemu hii inatisha kwa sababu haionyeshi. Unasikia kitu kinaburuta mguu huko chini, halafu kimya. Ukisimama, nacho kinasimama. Muziki hakuna. Aliyeitengeneza anajua kwamba mtu akishaliona zimwi lote, roho yake inatulia. Tangu nianze kuitazama siingii ghalani kuchota uwele bila kumwita mdogo wangu anisindikize.

Ila nilipata shida ya neno. Daktari anakiita hicho kitu "it" tu, na kwa Kiswahili huwezi kuwatisha watu kwa neno "hicho". Nilisema zimwi, wakacheka. Nikasema shetani, Isaka akakataa, akasema mama zao watakuja kumfungia kibanda. Ndipo likanitoka: mbojo. Unakumbuka wazee walivyokuwa wakisimulia, mtu anayefichwa ndani na mwenye kumfuga, anavishwa ngozi ya simba, anatumwa kuua. Nilipolitamka, Sosi, kibanda kizima kilinyamaza. Nilibaki nasikia jenereta. Nakiri nilijivunia. Hakuna neno lingine linalofaa kama hilo.

Kuna mahali daktari ameandika, "My ward sleeps below. Do not open." Nikawaeleza kuwa wodi ya wagonjwa iko stoo ya chini. Mtoto wa Marko akauliza, "Si mwalimu alisema ward ni kata? Sasa diwani wake nani?" Tulicheka mpaka Isaka akaangusha pedi ya kuchezea.

Tatizo ni kwamba hatuna memori kadi, kila siku tunaanza upya. Kwenye mlango wa stoo ya chini tumefika mara moja tu. Una komeo kubwa, kwa nje. Pembeni kuna vitufe viwili, kwa Kiswahili FUNGUA na CHOMA. Watoto wote walisimama wakipiga kelele, "Choma! Choma!" Mafuta ya jenereta yakaisha hapo hapo.

Matokeo ya mtihani bado. Nyumbani tunapalilia. Niandikie.

Ni mimi,
Agripina


Arusha,
22 Januari 2001

Agri,

Mambo. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa dukani, bosi akaniuliza kama nasoma au natengeneza redio. Hakuna mtu hapa mjini anayeweza kuielezea gemu hivyo. Nimemwomba bosi memori kadi iliyotumika, nimeijaribu, inafanya kazi. Iko ndani ya bahasha hii. Mwambie Isaka asiikalie.

Lakini neno lile liache. Sema zimwi, sema mdudu, sema chochote. Hilo usilitamke tena kibandani, na watoto wakilitamka wakataze.

Usiniulize kwa nini. Neno hilo si la mchezo, linaweza kumuua mtu. Naongea kwa kumaanisha.

Nisalimie Isaka. Nyumbani kwetu usihangaike kupita, mama ana shughuli nyingi msimu huu.

Sostenes


Ihanja,
29 Januari 2001

Sostenes,

Barua yako iliniumiza kidogo, na kwa kuwa kwenye karatasi naweza kusema, nitasema. Nilidhani umeanza kuona haya kwa neno la kwetu kwa sababu sasa unakaa Arusha. Mimi sioni kosa. Kama Wazungu wanaweza kutishana kwa maneno yao, na sisi tunayo yetu. Kumuua mtu kivipi? Ni gemu.

Hata hivyo nilijaribu. Jumamosi nilisema "mdudu". Wakanizomea. "Mkalimani, usitufiche! Sema mbojo!" Limeshatoka mikononi mwangu. Watoto wanalicheza njiani wakitoka shule, mmoja anajifunika gunia, wengine wanakimbia. Nyumbani mdogo wangu alilitaja mbele ya Bibi. Bibi aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea, akauliza nani amelileta. Nikasema ni mimi. Akanijibu kwa Kinyaturu, kwa sauti ambayo hajawahi kunitolea, kwamba walipokuwa wasichana walilala wote chumba kimoja mlango umeegemezwa kinu, na kwamba waliokufa wakati ule hawakuuawa wote na mbojo. Wengine waliuawa kwa kusemwa kuwa wanamfuga. Kisha akaendelea kupepeta.

Nimelifikiria hilo. Bado naona ni mambo ya zamani.

Memori kadi imefika! Isaka anailaza kwenye kibati cha mafuta ya nywele, ndani ya pamba. Sasa tunasonga mbele kila siku.

Mama yako nilimkuta bombani. Sikupita nyumbani, kama ulivyosema. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, nikamuuliza habari za dada yako Yunisi aliyeko Kilimatinde kwa shangazi yenu, akasema hajambo. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mzima.

"Nasikia nyie mna mbojo kwenye televisheni ya Isaka."

"Ndiyo, mama. Ni gemu tu."

"Analala wapi?"

"Chini, mama. Kwenye stoo."

"Na mlango wake?"

Nikamwambia una komeo kwa nje, ili asitoke. Mama yako akanitazama, Sosi. Kisha akaondoka. Ndoo yake aliiacha inajaa, maji yakawa yanamwagika, ikabidi nimpe mtoto wa jirani amfikishie.

Nimemkosea nini?

Agripina


Arusha,
4 Februari 2001

Agripina,

Nijibu haraka, mpe Filipo barua mkononi, usisubiri Jumamosi.

Nani amekuwa anapita karibu na nyumba yetu? Watoto wanacheza wapi huo mchezo wao wa gunia? Mama hajui kuandika na watu wanaomwandikia siku hizi hana imani nao.

Usiongee naye tena kuhusu gemu. Na mwambie Isaka aiondoe diski hiyo leo. Ina hitilafu, itaunguza mashine yake. Nimeona hapa dukani mbili zimeungua.

Tafadhali, Agri.

Sostenes


Ihanja,
12 Februari 2001

Kwako Sosi,

Nilimwambia Isaka habari ya kuungua. Akasema, "Huyo Sosi amenitumia diski na memori kadi, sasa anataka nizile? Mashine yangu haijapata hata joto." Amekataa kuiondoa. Na mimi sikuamini pia, samahani. Wewe ukisema uongo unaandika sentensi fupi.

Gemu inakwenda vizuri. Tumepita chumba cha mashine, ambako unatakiwa kuzima tochi na kusikiliza maji yakidondoka. Maoni yangu ni kwamba sehemu hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu unatambua kuwa hujui kama unakifuata kile kitu au kinakufuata. Sasa tumehifadhi mbele ya mlango wa stoo ya chini. Jumapili baada ya misa Isaka anaonyesha mwisho. Ametangaza kijiji kizima. Hata watu wazima wanakuja.

Mvua ni nzuri. Alizeti imechanua. Mama yako anakusalimia sana, hajambo kabisa.

Nimeandika hapo juu uongo. Nimejaribu kuifuta, karatasi ikataka kuchanika. Mama yako sijamwona tangu siku ile ya bomba. Hatoki.

Ilikuwa hivi. Mbuzi wa Marko waliliwa zizini. Mimi mwenyewe niliona nyayo kwenye tope, ni fisi, kila mtu anajua nyayo za fisi. Lakini mtoto mmoja akasema, "Ni mbojo," na mzazi mmoja hakucheka. Kesho yake watoto waliokuwa wanachunga karibu na mawe, nyuma ya tembe lenu, walisema wamesikia kitu ndani ya ukuta kinanguruma. Moo, halafu kinapumzika, halafu moo. Kama simba aliyeshiba. Na kwamba wamechungulia, mlango wa chumba cha nyuma una komeo kwa nje.

Komeo hilo wamelitoa kwangu, Sosi. Mimi ndiye niliyewafundisha kulitafuta.

Sasa wanasema mama yako hununua chakula kama cha watu wengi wakati anaishi peke yake. Wanasema wewe ulitumwa Arusha kuuza. Kuuza nini hawasemi. Mazengo, kamanda wa sungusungu, amesema Jumapili ataitazama hiyo gemu, kisha watakwenda kutazama nyumba.

Nakuuliza swali moja na unijibu bila sentensi fupi. Ndani ya chumba kile kuna nini?

Agripina


Arusha,
16 Februari 2001

Agripina,

Ni Yunisi.

Hayuko Kilimatinde, hajawahi kukaa huko. Sasa nakueleza yote, maana basi linaondoka alfajiri na Filipo ameniapia atakupa mkononi.

Tulipokuwa tunakaa Manyoni, baba angali hai, Yunisi alipata homa kali na degedege. Hakufa, ila hakurudi alivyokuwa. Mguu mmoja anauburuta. Mkono unakakamaa. Kuongea haongei. Tulipohamia Ihanja, bibi mzaa mama alimtazama akamwambia mama, watoto kama huyu zamani waliibiwa wakauzwa kwa wenye mbojo, ndio waliofugwa. Kwa hiyo usimwonyeshe mtu. Mama aliamini. Hakumficha kwa aibu, Agri, alimficha asichukuliwe. Na komeo liko nje kwa sababu siku moja mama alikuwa shambani, Yunisi akatoka akaangukia jikoni kwenye moto. Ana kovu begani.

Ile sauti waliyoisikia watoto ni salamu. Mama alimfundisha miaka mingi kusema shikamoo, akapata mwisho wake tu. Moo. Akimwona mama anasema moo. Akisikia jogoo anasema moo. Mtu akipita nje ya ukuta anamsalimia. Alikuwa anawaamkia wale watoto.

Nimechukua ruhusa lakini daraja la kwenye mto limefunikwa na maji, mabasi makubwa yanarudi. Filipo anasema basi lake dogo litapita kwa njia ya juu, nafasi zimejaa wagonjwa na maiti moja. Nitakuja maji yakipungua. Jumapili sitakuwepo.

Jambo lingine. Bosi ana kamusi kubwa. Nilitafuta lile neno la daktari. Ward ni wodi, ni kata, na maana ya tatu ni mtoto ambaye si lazima umemzaa lakini yuko chini ya ulinzi wako. Daktari hakusema wodi yangu iko chini. Alisema mtoto wangu amelala chini, msifungue.

Najua wewe huwezi kuongea mbele za watu. Sina mwingine wa kumwomba.

Sostenes


Ihanja,
20 Februari 2001

Sostenes,

Yunisi ni mzima. Mama yako ni mzima, ana jeraha juu ya jicho, limeshonwa zahanati. Nimeanza na hayo ili usome mengine bila kukimbia.

Barua yako Filipo alinipa mlangoni mwa kanisa. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda moja kwa moja kwa Isaka, kumejaa mpaka watu wamekaa kwenye dirisha. Mazengo alikuwa benchi la mbele, upinde umeegemea goti. Wenzake wana marungu. Akasema, "Haya binti, tuonyeshe huyo mdudu wako."

Isaka alifungua pale tulipohifadhi. Mlango, komeo, vitufe viwili. Watoto wakaanza, "Choma! Choma!" na safari hii wakubwa walikuwa wanasema nao.

Nikasema nilikosea. Hakuna aliyesikia. Nikamnyang'anya Isaka pedi. Nilikuwa sijawahi kuishika tangu gemu ifike. Nikabonyeza FUNGUA.

Sosi, alitoka mtoto. Amenyolewa kichwa, ameshika blanketi, anaburuta mguu. Ile sauti yote ya wiki zote ilikuwa mguu wake. Na wale wafanyakazi wa meli waliuawa na hewa mbaya iliyovuja kwenye mashine. Daktari aliliandika hilo mwanzoni kabisa. Nililisoma nikaliruka, kwa sababu halikuwa na mbojo ndani yake.

Nikawaambia kwa sauti ndogo, "Ward ni mtoto anayelindwa. Mimi ndiye niliyesema mbojo. Humu hakuna mbojo."

Watoto waliokuwa wamesimama wakakaa. Nikadhani yamekwisha. Mazengo akainuka, akachukua upinde wake. "Hiyo ni sinema, binti. Mbuzi wa Marko si sinema." Wakatoka wote.

Nilipita njia ya mkato ya kwenye mawe, nikafika nao bado wako chini. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na mchi. Nikamwambia, "Sosi ameniandikia. Yunisi anaamkia watu." Aliposikia hivyo mikono yake ilishuka. Hapo jiwe likaja, sikuona limetoka kwa nani, likampata juu ya jicho, akakaa chini.

Walikuwa wengi. Mtu mmoja alikuwa na kijinga cha moto. Nilitaka kuwaambia yote uliyoniandikia, degedege, Manyoni, kovu, na hakuna kilichotoka. Ilikuwa kama darasani mwalimu akiita majina. Neno pekee lililokuja ni lile ambalo sijawahi kushindwa kulisema tangu nijue kuongea.

"Shikamoo, Kamanda."

Mazengo alisimama. Nadhani miguu ilitaka kuendelea lakini mdomo ulikuwa umeshaitikia. "Marahaba."

Nikamgeukia aliye pembeni yake. "Shikamoo, baba Paskali." Marahaba. "Shikamoo, mzee Marko." Marahaba, mwanangu. Nikaenda hivyo, mmoja mmoja, kwa majina yao, nikipiga goti kila mara kama Bibi alivyonifunza. Mtu hawezi kuacha kuitikia shikamoo, Sosi. Na huwezi kuitikia huku umeinua rungu, ni lazima ulishushe kidogo. Mwenye kijinga alikuwa kijana tu wa rika letu, kwa hiyo yeye sikumwamkia, nikamtazama. Akakizungusha nyuma ya mgongo kama mtu anayeficha sigara kwa baba yake.

Nilipomaliza wote, sauti ikatoka ukutani: "Moo."

Watu waliruka nyuma. Mama mmoja akalia. Mazengo akavuta upinde.

Nikaingia ndani, nikavuta komeo. Nilikuwa naogopa, usije ukafikiri sikuogopa. Chumba ni safi sana. Ana mkeka na mwanasesere wa magunzi ya mahindi. Alinitazama, akanisalimia. Nikamshika mkono ule usiokakamaa, nikamtoa.

Kwenye mwanga alifumba macho. Kisha akawaona watu wote wale. Sijui kama amewahi kuona watu zaidi ya wawili kwa pamoja. Alimtazama Mazengo kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele. Akajaribu kupiga goti, mguu ukakataa, nikamshikilia.

"Moo," akamwambia.

"Anasema shikamoo, Kamanda," nikasema. "Ndiyo peke yake anayoijua."

Upinde ulikuwa bado mkononi. Mazengo aliangalia mguu wa Yunisi, akaangalia mama yako anayevuja damu, akaangalia chini.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mama. Unaitwa nani?"

"Anaitwa Yunisi," nikamjibu.

Hawakuomba radhi. Waliondoka wawili wawili, wakizungumza habari za fisi.

Agripina


Ihanja,
6 Machi 2001

Kwako Sosi,

Nimesikia maji yamepungua na kwamba utapanda basi wiki ijayo. Kwa hiyo hii nitaifanya fupi, ingawa unajua sentensi zangu si fupi.

Usidhani yote yametengenea. Wapo wasiopita tena njia ya nyumbani kwenu, na wapo watoto wanaorusha lile neno kisha wanakimbia. Mama yako haongei na mimi. Namwamkia kila siku, anaitikia, basi. Ana haki. Nilimwomba Isaka atangaze pale kibandani kuwa neno lile halitamkwi, akatangaza, na likaendelea kutamkwa kwa kunong'ona. Sijui namna ya kulirudisha. Bibi anasema halirudi, linazeeka tu, na mtu anatakiwa kuwepo linapozeeka. Kwa hiyo mchana nakaa na Yunisi mama yako akienda kupalilia. Hilo hakulikataa.

Uliniomba maoni kuhusu gemu na bado sijamaliza. Nimeicheza mpaka mwisho mara tatu. Nasimamia niliyosema: inatisha kwa sababu haionyeshi, na korido zake ni nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuletwa kwa Isaka. Lakini ina kasoro moja kubwa. Nimesoma kila kompyuta ya ile meli, kila neno la daktari, nikitafuta. Yule mtoto hajapewa jina. Kama angekuwa na jina kwenye ukurasa wa kwanza, hakuna ambaye angebonyeza CHOMA.

Jana Mazengo alikuja na nyundo. Hakusema amekuja kufanya nini. Aliling'oa komeo la nje akalipigilia kwa ndani, chini, pale mkono wa Yunisi unapofika, na jiko akalizungushia matofali. Mama yako alimpa maji ya kunywa. Kisha akanigeukia, mara ya kwanza, akasema, "Mwandikie Sosi akifika abishe hodi."

Basi ubishe. Na usubiri, maana Yunisi anachukua muda. Anafunga, anafungua, anachungulia, anamwamkia aliyeko nje, anafunga tena.

Agripina